Waraka kwa wafugaji wenzangu wa Kayna juu ya bei ya majani

Kwa mama na baba, kwa dada na kaka, wanachama wote wa chama chetu cha wafugaji hapa Kayna na vijiji vya jirani, pamoja na wenzetu ambao vita viliwapeleka Lubero na Butembo na hawajarudi.



Katika mikutano yetu ya karibuni tumezungumza habari za dawa ya minyoo, beberu wa kuazimana na wezi wa usiku. Mambo hayo yote ni ya maana. Lakini kila mara mkutano ukiisha watu husimama mlangoni na ndipo mazungumzo yenyewe yanapoanza: leo fungu la majani ni franka ngapi? Mama mmoja anasema ameuza mbuzi mdogo ili mbuzi wakubwa wale. Mwingine anasema amebaki na kobayi tu. Mambo haya hayafai kuishia mlangoni, ndiyo maana nimeona niyaandike yafike kwa kila mmoja.

Wazazi wetu hawakujua kununua majani. Mtu alishika panga, akapanda kilimani au akashuka bondeni, akarudi na mzigo kichwani. Ardhi iliyopumzishwa ilikuwepo, kando za njia zilikuwa na matete, na migomba ilitoa majani na vigogo mwaka mzima. Yote hayo yamepungua, na tukitaka dawa lazima kwanza tukubaliane juu ya chanzo.

Milima yetu imejaa mikaratusi, kwa sababu mbao na makaa vinaleta pesa, na chini ya mikaratusi hakuoti jani la kumfaa mbuzi. Mabonde yamelimwa kabichi na vitunguu. Mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu hadi hakuna anayeweza kupumzisha kipande hata msimu mmoja. Migomba imepigwa na mnyauko, ugonjwa ulioonekana katika Kivu ya Kaskazini tangu mwaka 2001, na panga lisilopitishwa motoni linausambaza kutoka shina hadi shina. Kisha vita. Tangu vilipovuka Kanyabayonga mwisho wa Juni 2024 na kufika kwetu na Kirumba, kuna mashamba tunayoyaona kwa macho na hatuwezi kuyafikia kwa miguu. Majani yapo, yanakua, yanakomaa, yanakauka, na hakuna wa kuyakata. Pumba za mahindi zinazopita Kasindi na machicha ya bia kutoka Beni navyo vinapanda bei kila gari linapokwama njiani au kulipishwa kwenye vizuizi.

Kwa hiyo nisisikie tena mwanachama akimtukana kijana anayeuza majani. Kijana yule mara nyingi ni mkimbizi asiye na shamba. Anaamka gizani, anakwenda mahali ambapo wewe na mimi tunaogopa kwenda, na anarudi akisukuma chukudu lililojaa matete. Bei anayoitaja ina hofu ndani yake. Adui yetu si yeye.

Lakini tuangalie vizuri kile tunachonunua. Asubuhi fungu likishushwa, lifungue kabla ya kutoa pesa. Mara nyingi utakuta matete yaliyokomaa, bua lake nene kama kidole gumba, gumu, majani machache kwenye ncha. Mbuzi atachambua yale majani na kuliacha bua. Jioni ukizoa zizi unazoa nusu ya pesa yako na kuitupa kwenye samadi. Matete mazuri ni yale ya wiki sita hadi nane, yanayofika kiunoni au kupita kidogo. Yakikupita kichwa, nguvu yake imekwisha kuwa ubao. Atakayeendelea kununua, anunue machanga, ayakatekate vipande vifupi, na ayaweke kwenye hori lililoinuliwa, asiyamwage chini yakakanyagwa na kukojolewa. Hilo peke yake linapunguza mafungu ya wiki, na halihitaji msaada wa mtu.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mbuzi wa kilo 25 anahitaji kilo 4 hadi 5 za majani mabichi kwa siku. Mwenye mbuzi watatu anatafuta karibu kilo 15 kila siku, na mwezi ukiisha amepitisha zaidi ya kilo 400. Ng'ombe wa kilo 300 anakula kilo 30 hadi 45 kwa siku, kulingana na ubichi wa majani. Sasa jiulize: katika kilo hizo, ngapi zinatoka kwenye ardhi yako? Ikiwa jibu ni sifuri, basi bei ya soko ndiyo inayoamua kama mtoto wako atalipiwa shule. Na sisi tunajua mbuzi ni nini katika nyumba ya Mnande. Mbuzi ni mahari, ni karo ya sekondari, ni hospitali usiku wa manane. Mbuzi akiuzwa ili kuwalisha mbuzi wenzake, tumeanza kula akiba yetu wenyewe.

Ninachowaomba ni kimoja: tuache kutegemea majani ya kununua kwa kupanda yetu na kwa kuhifadhi yale tunayoyateketeza. Naanza na hayo ya kuteketeza, kwa sababu yananiuma zaidi.

Mwezi wa sita na wa saba, maharage yakishapigwa, pitia vijiji vyetu jioni. Kila uwanja una lundo la mabua na maganda ya maharage, na kila lundo linatoa moshi. Wakati huohuo, nyumba ileile inatuma mtu kununua fungu la matete, kwa sababu ni kiangazi na majani yameadimika! Mabua ya maharage ni chakula. Maganda yake ni chakula kizuri zaidi. Huko nje watu hukata nyasi, huzikausha na kuzifunga marobota kwa ajili ya farasi na ng'ombe wao. Sisi farasi hatuna, ila nyasi kavu tunayo, imekaushwa tayari na jua la shambani, nasi tunaichoma. Mwezi wa kwanza na wa pili, baada ya mavuno mengine, tunarudia jambo lilelile.

Tangu sasa, mwanachama asichome bua la maharage. Likusanye siku hiyohiyo ya kupiga, kabla umande haujaliloweka, na uliweke juu ya vichanja chini ya paa, mbali na maji ya mvua. Nafasi ikiwa ndogo, tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili ndani, jaza, kanyaga kwa miguu, jaza tena, kisha funga. Robota moja la namna hiyo lina karibu kilo 20. Mbuzi anakula karibu kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo robota moja linambeba karibu wiki tatu. Hata hivyo mabua peke yake hayatoshi kwa mbuzi jike anayenyonyesha. Mchanganyie majani mabichi ya viazi vitamu au ya miti. Na wenye kobayi wakumbuke kwamba mnyama huyu hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini mwake. Bila majani mabichi kila siku ataumwa na kufa, hata akishiba makavu.

Kuhusu kupanda. Najua jibu litakalokuja: shamba ni dogo, nikipanda majani watoto watakula nini? Sisemi upande majani mahali pa muhogo. Nasema upande kwenye kingo. Enzi za Wabelgiji babu zetu walichimbishwa mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa shuruti, na uhuru ulipofika wengi waliifukia kwa furaha, kwa sababu ilinuka viboko. Leo udongo wetu unashuka kwenye mito kila mvua kubwa. Chimba mtaro tena, safari hii kwa faida yako, na juu ya ukingo wake panda matete au majani ya Guatemala. Mizizi itashika udongo, majani yatalisha mbuzi, samadi ya mbuzi itarudi kwenye muhogo. Panda kipande cha bua chenye vifundo vitatu, viwili vikiwa ardhini, kimelazwa kidogo, hatua moja kutoka kwa mwenzake, pamoja na kikapu cha samadi. Mvua za Septemba zikikishika vizuri, kabla ya Krismasi unakata mara ya kwanza. Usikate hadi chini kabisa. Acha kiasi cha kiganja ili lichipue tena.

Katikati ya matete panda desmodiumu, na kwenye mpaka panda miti ya kaliandra. Desmodiumu inatambaa, inarutubisha udongo na ina protini ambayo matete hayana. Kule Mbita, Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, watafiti wa kituo cha ICIPE waliwafundisha wakulima kuipanda ndani ya mahindi na kuyazungushia matete: desmodiumu inafukuza nondo wa funza wa mabua, matete yanawavuta nje, na mkulima anavuna mahindi na majani katika shamba moja. Wachaga wa Kilimanjaro nao wanaishi kwenye migomba iliyobanana kuliko yetu, na kwa vizazi wamefuga ng'ombe zizini kwa majani ya kukata na kubeba. Watu wa mlima kama sisi, wenye vipande vidogo kama sisi, wameweza. Tahadhari moja: majani machanga ya jamii ya kunde yaliyolowa mvua humvimbisha mnyama tumbo. Yanyaushe nusu siku kwanza. Majani ya muhogo pia, yaache yanyauke, kwa sababu mabichi yana sumu.

Wenzetu wa juu, kwenye baridi na ukungu, mtasema jua halitoshi kukausha. Ni kweli. Ninyi vundikeni. Kata matete machanga, yanyaushe kidogo, yakatekate vipande vya kidole, changanya na majani ya viazi vitamu, shindilia kwenye mfuko mzito wa plastiki hadi hewa iishe, funga kwa nguvu, weka kivulini mahali panya hawafiki. Baada ya wiki sita fungua: harufu iwe ya uchachu mtamu. Penye ukungu mweusi tupa, usimpe mnyama.

Lipo jambo la watoto, na hapa nasema kwa uchungu. Kwa sababu ya bei, baadhi yetu wameanza kuwatuma watoto kukata majani mbali, upande wa hifadhi ya Virunga na kwenye mashamba yaliyoachwa. Huko kuna watu wenye silaha, na kuna mabomu ambayo hayajalipuka. Tafadhali wazazi, acheni. Mbuzi akipungua mwili atanenepa mvua ikirudi. Mwanachama atakayeona mtoto wa jirani akishuka huko na panga amrudishe nyumbani kama wake, na mzazi asikasirike.

Pia tusikate majani ya mashamba ya wenzetu waliokimbia kana kwamba hayana wenyewe. Wengi wao wako hai, wana simu. Wapigieni. Mkubaliane: wewe unakata majani na kulinda mipaka ya shamba lake, yeye akirudi unampa mwanambuzi. Makubaliano hayo yaandikwe mbele ya mashahidi wawili na nakala ikae kwa katibu, tusije tukaleta ugomvi wa ardhi juu ya ule tulio nao.

Na kama hesabu ya majani yako, ukijumlisha yaliyopandwa, yaliyokaushwa na ya kingo za njia, inatosha mbuzi wawili, fuga wawili. Kuuza wa tatu angali mnene ni afadhali kuliko kumuuza akiwa mifupa mwezi wa saba, wakati kila mtu anauza na mnunuzi ndiye anayepanga bei.

Pumba na machicha tununue pamoja. Mfuko mmojammoja unatuua kwa usafiri. Atakayehitaji aandikishe jina na idadi kwa mweka hazina wa kijiji chake, alipe nusu, na gari lije mara moja kwa wote. Risiti zitasomwa mkutanoni.

Mbegu tutagawana. Wanachama watano wenye matete na Guatemala yaliyostawi wamekubali kutoa vipande bila malipo. Wenye kaliandra wakusanye maganda yaliyokauka kabla hayajapasuka. Jumamosi ya kwanza baada ya mvua kushika tutafanya salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kuchimba mitaro, tukianza na wajane na wazee wasio na vijana nyumbani. Njooni na jembe, panga lililopitishwa motoni, na kamba ya kupimia. Atakayekuwa mgonjwa atume mtu. Walio Butembo watume jina la ndugu atakayewapandia, nasi tutamsaidia, ili siku watakaporudi wakute majani yao yamesimama.

Katibu wenu, Kayna