Usingizi wa Mgonjwa wa Sonona Usiachiwe Duka la Dawa

Mgonjwa wa sonona aghalabu hufika kliniki na lalamiko moja analoweza kulitamka bila haya: halali. Huzuni ataificha, kukata tamaa atakukana, lakini kukosa usingizi atakusema waziwazi. Daktari humwandikia dawa ya sonona, humweleza kwamba nafuu yaweza kuchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, kisha humwita mgonjwa anayefuata. Kuhusu usiku wa leo hasemi neno. Hapo ndipo kosa huanzia, kwani asiyelala hatasubiri wiki nne akitazama dari. Atakwenda duka la dawa la mtaani.

Huko huomba diazepamu, ambayo sharti itolewe kwa cheti cha daktari, au hununua Piriton, dawa ya mzio inayopendwa kwa sababu tu inasinziisha. Wengine hukatiza safari baa.

Hatari hutegemea dawa aliyokwisha kuanza. Amitriptilini yenyewe huleta usingizi, ndiyo maana humezwa usiku. Ikiongezewa Piriton, madhara ya aina moja hulimbikizana: kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, macho kuona ukungu na, kwa wazee, kuchanganyikiwa na kuanguka. Mzee mwenye tezi dume iliyotanuka anaweza kuamka asiweze kukojoa kabisa.

Fluoksetini ni kisa kingine. Wengi huwachangamsha, na kwa hiyo hutolewa asubuhi. Anayeimeza saa tatu usiku kisha akakesha hahitaji dawa ya pili. Huenda anachohitaji ni kuhamishiwa dozi yake asubuhi, jambo lisilogharimu hata senti. Aidha, fluoksetini huzuia vimeng'enya vya ini vinavyovunjavunja diazepamu na amitriptilini, hivi kwamba kidonge cha kawaida hufanya kazi kama dozi kubwa. Tena hukawia mwilini: aliyeiacha wiki iliyopita bado ahesabiwe kuwa anaitumia. Ni kweli kwamba madaktari bingwa wakati mwingine huiambatanisha na amitriptilini kidogo, lakini hao wamepima dozi na hufuatilia moyo wa mgonjwa. Kuinunua kwa kubahatisha ni jambo jingine kabisa.

Pombe pamoja na diazepamu hudhoofisha upumuaji, na mtu anaweza asiamke. Kwa mgonjwa mwenye mawazo ya kujiua, hata akiba ya vidonge kabatini ni tishio. Amitriptilini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Kwake, vidonge vya wiki moja vikabidhiwe ndugu anayeaminika, si vya miezi mitatu.

Ni rahisi kumlaumu mtoa dawa, lakini lawama hiyo ni nusu ya haki. Swali la "Unatumia dawa gani nyingine?" huulizwa kwa sauti mbele ya foleni ya majirani. Nani atajibu kwamba anatibiwa sonona, jirani zake wakisikia? Atajibu, "Hakuna," na mauzo yataendelea. Afadhali mteja aombwe kando aoneshe pakiti bila kutamka chochote, naye mgonjwa aizoee kubeba pakiti hiyo kila aendapo kununua dawa, iwe ya mafua au ya maumivu. Tramadoli, mathalani, haifai kuchanganywa na fluoksetini bila daktari kujua.

Lipo pia lalamiko la usingizi ambalo halistahili kidonge chochote cha usingizi. Mgonjwa aliyeanza dawa ya sonona, akawa analala saa mbili tu na bado ana nguvu tele, anaongea bila kikomo na kutumia fedha ovyo, arudishwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Huenda ana ugonjwa wa baipola, na dawa ile imeuchochea.

Kwa wengi waliobaki, saa moja ya kuamka isiyobadilika, kuacha kahawa na chai baada ya adhuhuri na kutolala mchana husaidia kuliko inavyodhaniwa, ingawa si usiku wa kwanza. Ikibidi kutoa dawa, iwe ya siku chache, yenye tarehe ya kukoma iliyoandikwa kwenye cheti. Na aliyekwisha kumeza diazepamu kila usiku kwa miezi asiikatishe ghafla baada ya kusoma haya. Anaweza kupata degedege. Amwone daktari, dozi ipunguzwe polepole.