Mhandisi Asiyelijua Dampo

Si muda mrefu uliopita nilialikwa katika kikao cha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa mazingira waliokuwa wakitetea miradi yao. Mimi si mhandisi. Fani yangu ni sera za umma, na niliitwa ili niwaulize vijana maswali ambayo pengine walimu wao wasingewauliza. Kijana wa kwanza alisimama na usanifu wa tanuri la kuteketeza taka za Dar es Salaam na kuzalisha umeme. Michoro yake ilikuwa safi na hesabu zilikwenda sawa. Nikamwuliza: "Kiwango hiki cha joto linalotolewa na kila kilo ya taka umekipata wapi?" Akajibu kwa unyoofu kwamba amekitoa katika kitabu cha kiada. Kitabu chenyewe kiliandikwa Ulaya. Nikamwuliza tena: "Umewahi kufika dampo?" Akatazama chini, kisha akasema, "Hapana, Dokta."

Sikumlaumu, nami namwomba msomaji asimlaumu. Kijana yule alikuwa ametimiza yote tuliyomfundisha, na alipata alama nzuri alizostahili kwa vigezo vyetu. Ni vigezo hivyo vinavyonitia wasiwasi.

Tuanze na hesabu yake. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 kuhusu taka duniani ilionyesha kwamba katika nchi zenye kipato cha chini, zaidi ya nusu ya taka ni mabaki ya chakula na majani. Kila aliyepita nyuma ya soko la Buguruni au Mabibo anajua maana yake: maganda ya ndizi na ya muhogo, matikiti yaliyooza, mboga zilizonyauka. Maganda mabichi kwa sehemu kubwa ni maji, na kila kilo ya maji, hata ikishafikia kiwango cha kuchemka, huhitaji takriban megajuli 2.26 ili igeuke mvuke. Joto hilo hutolewa na taka zenyewe kabla tanuri halijazalisha hata uniti moja ya umeme. Mama anayepikia kuni mbichi wakati wa masika anaijua kanuni hii bila kukanyaga darasa la fizikia. Kumbe tanuri lililosanifiwa kwa karatasi na plastiki za Ulaya, likiletwa kwetu, huenda likahitaji kununuliwa mafuta ili liunguze maganda. Mkopo wa kulijenga utalipwa na halmashauri, yaani na wananchi.

Hata hivyo, hasara ya fedha ndiyo nafuu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima wa taka wa Kiteezi, nje kidogo ya Kampala, uliporomoka juu ya nyumba za watu. Zaidi ya watu 30 walipoteza maisha. Miaka saba kabla yake, mwezi Machi 2017, dampo la Koshe katika jiji la Addis Ababa lilikuwa limeua watu zaidi ya 100 kwa namna hiyohiyo. Sayansi yake haina fumbo. Taka mbichi zikioza hutoa gesi na maji. Maji yakikosa njia ya kutokea, shinikizo lake huzisukuma taka zisishikamane. Mteremko ukiwa mkali na mvua ikiongeza uzito, lundo huteleza. Kiteezi lilianzishwa mwaka 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia, likiwa jaa la kisasa. Basi tusijidanganye kwamba ukosefu wa fedha au wa michoro ndio kiini pekee cha maafa yale. Mwezi Septemba mwaka huohuo viongozi wa juu wa mamlaka ya jiji la Kampala walifutwa kazi. Hiyo ni hatua ya uwajibikaji, lakini haimfundishi mtu yeyote kulisoma lundo.

Kulisoma lundo kunafundishika. Nina mwenzangu, mtafiti wa uhandisi wa mazingira, ambaye kwa miaka kadhaa amekuwa akifundisha somo la taka ngumu kwa njia nyingine. Kabla ya kuwapa wanafunzi kanuni yoyote, huwapeleka dampo wakiwa na buti, glavu, koleo, ndoo, mizani na turubai. Mzigo wa gari humwagwa juu ya turubai, ukachanganywa kwa koleo na kugawanywa mafungu manne. Mafungu mawili yanayotazamana huondolewa, yaliyobaki huchanganywa upya, na zoezi hurudiwa mpaka kibaki kiasi kinachoweza kuchambuliwa kwa mkono. Hapo hutenganisha chakula, plastiki, karatasi, nguo, chupa, vyuma na mchanga, kisha kila fungu hupimwa uzito. Hufanya hivyo siku saba mfululizo, kwa kuwa taka za Jumatatu si za Jumapili, na hurudi tena msimu mwingine, kwa kuwa taka za masika si za kiangazi.

Nilifuatana nao mara moja. Wanafunzi walianza kwa kuziba pua, na kufikia saa sita walikuwa wakibishana kuhusu uzito wa maganda. Mama mmoja mwokota makopo aliwakataza kupita upande fulani wa lundo. "Wanangu, msikanyage pale, chini pana moto." Hapakuwa na moshi wa kuonekana. Mwenzangu akawaeleza kwamba gesi inayotokana na kuoza huweza kuwaka ndani kwa ndani kwa muda mrefu, na kwamba yule mama analijua dampo lile kuliko ramani yoyote iliyoko ofisini. Nikaona kalamu zikiandika. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Uhandisi wa taka unaowaweka kando waokotaji umeikataa maktaba iliyo karibu nao kuliko zote.

Zoezi lake la pili ndilo linalowatesa zaidi wanafunzi. Huwataka waandike matokeo yao kwa Kiswahili, kurasa mbili tu, kwa ajili ya afisa afya wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Wengi hukwama. Kwa Kiingereza wanaweza kueleza hata wasichokielewa, ila kwa Kiswahili hawapati pa kujificha.

Na sasa niseme lililonisukuma kuandika. Mwenzangu huyu alipoomba kupandishwa daraja, kazi hiyo yote haikuhesabiwa. Zilihesabiwa makala zilizochapishwa katika majarida ya nje, ambayo hakuna afisa wa halmashauri hata mmoja anayeyafungua. Nisingependa kujitakasa. Mimi nami nimeketi katika kamati za namna hiyo, nimehesabu makala, nikasaini. Tumejenga mfumo unaomlipa mtafiti kwa kusomwa mbali na kumpuuza anapofaa karibu, kisha tunashangaa wahitimu wetu wakifuata mfano wetu.

Wapo watakaosema tatizo la taka ni la kisheria na kisiasa, wala si la darasani. Wana hoja, na Dar es Salaam ina kumbukumbu nzito juu ya jambo hili. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi na uvundo, walilishtaki jiji katika Mahakama Kuu wakashinda. Jiji likaomba kuongezewa muda wa kuendelea kumwaga taka. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa, akiegemea haki ya kuishi iliyomo katika ibara ya 14 ya Katiba. Mwanaharakati yeyote anayestahili jina hilo aisome hukumu ile. Lakini nini kilifuata? Dampo lilihamia Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Sheria ilimwokoa mkazi wa Tabata, ila lundo halikupungua, likatafuta jirani mwingine asiye na wakili. Ili lundo lipungue ilihitajika hesabu: ni kiasi gani cha taka kinaweza kugeuzwa mboji au gesi ya kupikia kabla ya kupakiwa kwenye gari, sokoni kwenyewe na mtaani kwenyewe? Swali hilo ni la kihandisi, na jibu lake haliko katika kitabu cha Ulaya.

Wengine watasema chuo kikuu si mahali pa kufundishia uzoaji wa taka, na kwamba mhandisi anahitaji nadharia. Nakubali kwamba anaihitaji. Bila nadharia, onyo la yule mama lingebaki kuwa mkasa wa kusimuliana. Ila nadharia isiyopimwa kwa mizani yetu ni ya kukopa, na deni lake hulipwa na watu wanaoishi chini ya mteremko.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, asihitimu mwanafunzi yeyote wa uhandisi wa mazingira, au wa ujenzi anayekusudia kushughulika na taka, bila kupima taka za mji wake kwa mkono wake katika misimu miwili, na kazi hiyo ipewe alama sawa na mtihani. Pili, kamati za kupandisha walimu daraja zitambue ripoti iliyotumiwa na halmashauri kama zinavyotambua makala ya jarida, baada ya kuhakikiwa na wanataaluma wenzake. Tatu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Basi kila halmashauri iweke wazi takwimu zake za taka, ifungue milango ya madampo kwa wanafunzi, na isisaini mkataba wa mtambo wowote kabla ya kupima kile ambacho mtambo huo utalishwa.

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma haya, siku mwekezaji atakapokuja na picha za kupendeza za mtambo wake, mwulize swali nililomwuliza yule kijana: kiwango hiki cha joto umekipata wapi? Nawe mwanaharakati, unapodai dampo lihamishwe, dai pia ujue linahamia kwa nani. Nawe mwanafunzi, usingoje mtaala ubadilike, kwani mabadiliko ya mitaala huchukua miaka. Azima mizani, tafuta turubai, nenda ukaanze na taka za bweni lako. Siku ya kutetea mradi, mtahini akikuuliza takwimu zako umezitoa wapi, uweze kumjibu kwamba umezipima mwenyewe.