Tamthilia Imerudi, Watazamaji Wamebadilika

Imani moja imeshika mizizi miongoni mwa watazamaji wa televisheni nchini Tanzania, na jijini Arusha husikika kila kituo kinapotangaza msimu mpya: tamthilia ya familia ikishapumzika kisha ikarudi, basi imerudi imeharibika. Hukumu hutoka haraka. Asubuhi baada ya sehemu ya kwanza kurushwa, ndani ya daladala za Usa River na kwenye saluni za Kijenge, maneno ni yale yale: imechuja, siyo ile, wameishiwa hadithi. Anayesema imenoga hupuuzwa kama mtu asiyeijua ya mwanzo. Na kwa kuwa maoni yamegawanyika, mgawanyiko wenyewe hugeuzwa ushahidi, kwamba ingekuwa nzuri wote wangeisifu. Imani hii haina msingi. Inakosea kuhusu tamthilia, inakosea zaidi kuhusu watazamaji, na inameza malalamiko ya haki ambayo watu wa Arusha wanayo.

Filamu ya upelelezi humtaka mtazamaji asubiri jibu. Tamthilia ya familia humtaka achague upande. Mama mkwe akigombana na mkaza mwana, hakuna anayeweza kukaa katikati kwa muda mrefu, na upande anaouchagua hutegemea nafasi aliyonayo katika ukoo wake mwenyewe. Nafasi hiyo haibaki ilivyo. Tamthilia ya Kichina ya Mao Doudou na mama wakwe zake, iliyorushwa na TBC1 kwa Kiswahili kuanzia mwaka 2011, inaonyesha jambo hili vizuri. Ilipendwa kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake ya Dar es Salaam, Machi 2013. Hadithi yake ni ya Beijing: binti ameolewa na kijana ambaye wazazi wake walitalikiana, baba akaoa tena, hivyo bibi harusi ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha. Mtazamaji aliyekuwa ameolewa karibuni alimlilia Doudou. Mtazamaji huyo huyo, akishaoza mtoto wa kiume, akiiona tena atashangaa jinsi Doudou anavyojibu wakubwa. Hakuna sentensi iliyobadilishwa katika tamthilia. Aliyebadilika ni yeye, na kwa kuwa mtu haoni mabadiliko yake kwa urahisi, lawama anaitupia skrini.

Ikiwa kipindi cha zamani kinachorudiwa bila kuguswa kinaweza kuonekana kimegeuka, kile kilichorudi na msimu mpya kitahukumiwa kwa ukali zaidi. Waandishi wake nao wamewakuza wahusika: binti mpole amekuwa mke mwenye sauti, baba mkali amezeeka na kunyong'onyea. Mtazamaji aliyemwacha mhusika katika hali fulani anataka kumkuta vile vile, ingawa jirani yake wa kweli akibaki vile vile kwa miaka mitano atamshangaa.

Mahali panapotazamwa pana uzito sawa na umri. Kwenye miteremko ya Mlima Meru, upande wa Akeri, Poli na Nkoaranga, mtoto wa kiume mara nyingi hujenga ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yake, kati ya migomba na mibuni. Mkaza mwana anaishi hatua chache kutoka jikoni kwa mama mkwe. Anajua nani kapita, nani kabeba nini, moshi wa nani umechelewa. Huko ugomvi wa wakwe kwenye televisheni hautazamwi kama mchezo. Upande wa pili wa mlima, kwenye maboma ya Waarusha kuelekea Oldonyosambu, mwanamume mwenye wake kadhaa si kioja, na kila mke ana nyumba yake. Siri ya Mtungi, tamthilia ya Bagamoyo iliyoanza kuonekana mwishoni mwa 2012, ilimweka mpiga picha Cheche kando ya Mzee Kizito mwenye wake wengi. Kaya ya Kilutheri ya Nkoaranga ingeweza kumwona Mzee Kizito kama tatizo linalosubiri dawa. Boma la Oldonyosambu lingeweza kumwona kama mzee anayeshindwa kugawa haki kati ya nyumba zake, na hilo ni kosa jingine kabisa. Chumba cha kupanga Unga Limited, ambako Mrangi, Mnyaturu na Mchaga wanagawana ukuta, kingekuwa na fasili tatu nyingine kabla ya tangazo la biashara. Hata Isidingo ya Afrika Kusini, iliyopata wafuasi wengi kupitia ITV miaka ya 2000, ilikuwa na mlango wake Arusha: hadithi yake iliota katika mji wa mgodi wa dhahabu, na Arusha ni jiji lililokula na kulala na tanzanite ya Mirerani. Nyumba zilizowahi kuona mtu akiamka tajiri na kulala fukara hazikuhitaji kuelezwa mgodi unavyovunja ndoa.

Kwa hiyo maoni yanayogawanyika ndiyo hali ya kawaida ya tamthilia iliyo hai, na jambo hili limechunguzwa kwa makini. Tamar Liebes na Elihu Katz walikusanya vikundi vidogo vya familia na marafiki sebuleni kutazama Dallas ya Marekani, kisha wakawataka wasimulie walichokiona. Katika kitabu chao cha 1990 walionyesha kwamba sehemu moja ile ile ilisimuliwa kwa namna tofauti kabisa. Waarabu wa Israeli na Wayahudi wenye asili ya Moroko walishika uzi wa ukoo na matukio kwa mpangilio, wahamiaji kutoka Urusi walitafuta ujumbe uliofichwa na watayarishaji, Wamarekani walizungumzia tabia za wahusika na sababu zake. Wote walikuwa wametazama, na kila kundi lilileta nyumba yake.

Tanzania ina ushahidi wake, tena wa karibu zaidi. Mchezo wa redio Twende na Wakati ulianza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993. Mhusika wake mkuu alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, na mkewe Tunu aliyebaki nyumbani na watoto. Kwa makusudi ya utafiti, eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo hadi 1995, ili lilinganishwe na maeneo mengine. Watafiti walikuta kwamba mchezo ulichangia watu kukubali uzazi wa mpango, na njia mojawapo ilikuwa mazungumzo: mke na mume walianza kuzungumzia jambo ambalo awali halikutamkwa. Wasikilizaji wangekubaliana wote juu ya Mkwaju tangu siku ya kwanza, kusingekuwa na la kuzungumza. Ubishi ndio uliofanya kazi.

Sebule ya kawaida ya Sombetini, saa tatu usiku, inatosha kuonyesha namna ubishi huo unavyozuka. Kwenye skrini mke mdogo anaingia na begi lake katika nyumba ya mke mkubwa. Bibi aliyeketi karibu na mlango anasema huyo kaja na nguo zake zote, hana mpango wa kurudi kwao. Binti wa nyumba anajibu kwamba mwenye kosa ni mwanamume, mbona yeye hasemwi. Dada wa kazi amesimama na beseni la vyombo mikononi, maji yanadondoka, haendi mbele wala nyuma. Baba anajifanya anasoma simu, lakini kidole hakijasogea tangu begi lilipotua. Kesho yake, mmoja atasema tamthilia imeharibika na mwingine atasema haijawahi kuwa tamu hivyo. Aliyesema imeharibika ndiye aliyechomwa.

Kuna sababu nyingine ya kuisifu mno ya zamani, nayo haihusiani na hadithi hata kidogo. Ni njia ambayo picha hufika nyumbani. ITV ilipoanza mwaka 1994, Tanzania Bara ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuwa na televisheni zake. Katika miaka iliyofuata, mtaa mzima uliweza kutegemea televisheni moja. Watoto wa jirani walikaa sakafuni, wakubwa kwenye makochi, wengine dirishani, na mwenye nyumba ndiye aliyeshika rimoti. Maigizo ya kundi la Kaole, yaliyowainua akina Steven Kanumba, yalionwa katika msongamano huo, na kicheko cha watu ishirini kilikuwa sehemu ya mchezo. Kisha mitambo ya analojia ikazimwa, Arusha ikafikiwa na zamu yake mwaka 2013, na king'amuzi kikawa cha lazima. Agosti 2018 chaneli za bure zikaondolewa kwenye baadhi ya ving'amuzi vya kulipia, na familia nyingi zikajikuta na chaneli nyingi isipokuwa ile waliyoizoea. Leo tamthilia za Kiswahili zinazofuatiliwa zaidi zipo kwenye vifurushi vya kulipia. Aliyeishiwa kifurushi katikati ya mwezi hufuata vipande kwenye simu, kwa bando la kubana, akiwa na spika za masikioni, peke yake kitandani.

Mtu huyo analinganisha vitu viwili visivyolinganishika: jioni nzima ya utotoni pamoja na majirani, na dakika nane za picha inayokwama. Akisema ya zamani ilikuwa bora, mara nyingi anasema kweli kuhusu jioni ile. Hasemi kweli kuhusu mswada. Nani leo angevumilia sauti za maigizo yale ya awali, yenye mwangwi wa chumba kitupu na kamera isiyosogea? Kumbukumbu imezirekebisha.

Hii haina maana kwamba kila kinachorudi ni kizuri. Dallas yenyewe ilirudishwa mwaka 2012, zaidi ya miaka ishirini baada ya kusimama, ikiwa na waigizaji kadhaa wa mwanzo na watoto wa wahusika wao. Larry Hagman, aliyeigiza kama J.R., alifariki Novemba mwaka huo huo, na baada ya misimu mitatu tamthilia ikafutwa. Mwigizaji anayebeba nusu ya hadithi akiondoka, kuna pengo ambalo uandishi pekee hauwezi kuliziba. Tanzania ililijua pengo la namna hiyo Kanumba alipofariki Aprili 2012. Fedha nazo zina amri yake. Siri ya Mtungi ilitengenezwa kwa msaada wa Marekani uliolenga ujumbe wa afya, na tamthilia ya aina hiyo hupangwa kwa kufuata mkataba wa mfadhili kabla ya hamu ya mtazamaji. Inayorushwa kila siku ya wiki hulazimika kupigwa haraka, na haraka huonekana: mhusika anatoka chumbani na kanga moja, anafika sebuleni na nyingine, mtu aliyelazwa mahututi anapona bila siku kupita, sauti inameza neno ambalo ugomvi mzima uliliegemea.

Makosa haya yanatajika, kila moja kwa jina lake, na ndiyo maana imani ya kwamba kila kinachorudi kimeharibika ni hatari kwa tamthilia zenyewe. Mtayarishaji anayesikia neno moja kila msimu hana cha kurekebisha. Akishazoea kwamba watu watasema imechuja hata kama amefanya vyema, huacha kusikiliza, na siku ambayo sauti kweli ni mbovu, lalamiko linaingia kwenye fungu lile lile. Wengine hufanya vibaya zaidi: huogopa mgawanyiko, wakampunguzia makali mama mkwe, wakamwombesha msamaha mwanamume katika kila sehemu ya mwisho, hadi hakuna wa kumtetea wala wa kumlaani. Tamthilia ya namna hiyo haigawanyi watu. Haizungumzwi pia.

Lalamiko kubwa la Arusha, ambalo limefunikwa na neno hilo moja, ni la uwakilishi. Familia za kwenye tamthilia hizi huishi Dar es Salaam au pwani, huzungumza kwa lafudhi ya huko, na mtu wa kaskazini akitokea, mara nyingi ni mlinzi wa Kimasai aliyewekwa getini ili achekwe. Mlima Meru umepata kuonekana kwenye filamu tangu zamani: Hatari!, filamu ya John Wayne iliyotoka 1962, ilipigwa kwa sehemu kubwa kwenye nyika za Arusha na Momella. Wanyama walipewa nafasi, familia za mlimani hazikupewa, na zaidi ya miaka sitini baadaye hali haijasogea sana.

Hadithi zipo. Kihamba kimoja na ndugu wanne ni msimu mzima bila kubuni kitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume, na bado mikutano ya ukoo Meru inabishania kama binti aliyeolewa au aliyeachika agawiwe hata mistari miwili ya migomba. Kuna mke wa mchimba madini anayelea watoto Ngarenaro bila kujua kama mumewe yuko shimoni Mirerani au ameanzisha nyumba nyingine. Kuna mama mkwe wa Poli anayehamia kwa mwanawe Njiro, kwenye nyumba ya vigae, na kukuta hapana pa kupanda hata mchicha. Mtazamaji wa Arusha aliyekaa mbele ya msimu wa tatu wa familia ya Masaki, Dar es Salaam, na kuhisi kuna kitu kimepungua, amehisi sawasawa. Kilichopungua kinatajika: hakuna mtu kutoka kwao, na mtayarishaji anaweza kuambiwa hivyo kwa maneno hayo hayo kabla msimu wa nne haujaandikwa.