Motokari ya zamani inayokula mafuta: tutie mafuta gani?

Watumikaji wenzangu, na ninyi mabibi munaosoma ukurasa huu nyumbani,

Mutauliza: muganga musaidizi anatafuta nini katika maneno ya motere? Kazi yake si sindano na vidonge? Ni kweli. Lakini moshi wa buluu unaotoka nyuma ya motokari zetu unaingia katika kifua cha watoto wetu, mafuta meusi ya vidanji yanashika ngozi yetu, na bidoni tupu ya mafuta hayo inaishia jikoni. Kwa hiyo neno hili ni letu vilevile. Na nitasema mawazo yangu tangu mwanzo, hata kama mafundi wengine watanikatalia: motokari iliyozeeka na inayokula mafuta haisaidiwi na mafuta ya bei chini. Wengi wanasema: “Kwa kuwa inayachoma tu, nitie yoyote.” Ninawaambia, ni kinyume chake.

Motokari nyingi za watumikaji zimefika kwetu zikiwa zimekwisha kutembea miaka 15 hata 20 katika inchi nyingine. Kisha zinaanza maisha ya pili hapa, katika vumbi nyekundu ya barabara zetu. Vumbi hiyo munaijua. Kazini tunavaa maski juu yake, kwa sababu mchanga wake mwembamba unakwangua mapafu na mapafu hayarudi tena kuwa mapya. Katika motere ni vilevile. Filtri ya hewa ikipasuka, au ikikaa vibaya mahali pake, mchanga unapita na kukwangua segmenti za pistoni na ukuta wa silinda. Nyuma ya hayo mafuta yanapata njia ya kupanda juu na kuungua pamoja na esansi. Mutu anayelia ya kama motokari yake inakula mafuta, kwanza afungue filtri ya hewa aitazame kwenye jua. Bei yake ni ndogo kuliko ya bidoni moja ya mafuta.

Mbele ya kununua mafuta, mujue yanakopita. Tandikeni karatasi ao kartoni chini ya motere usiku. Asubuhi ikiwa na matone, sehemu ya mafuta haiungui, inavuja. Jointi mupya inaweza kumaliza maneno. Ikiwa hakuna matone, tazameni moshi. Moshi mweusi ni esansi ao mazuti kupita kipimo. Moshi mweupe muzito usiokwisha hata motere ikipata moto, huo ni maji ya radiateri yanayoingia katika silinda. Moshi wa buluu ndio mafuta. Tena, moshi wa buluu una saa zake. Ukitoka kwa nguvu asubuhi wakati wa kuwasha, kisha ukapungua, ao ukitoka wakati munapokanyaga tena nyuma ya kushuka mulima, mara nyingi ni vimpira vidogo vya sopapu vilivyokauka. Kazi hiyo fundi anaweza kuifanya bila kufungua motere yote. Ukitoka wakati wote munapokanyaga kwa nguvu na motokari ina muzigo, hapo segmenti zimechoka. Kuna tena kitu kidogo ambacho mafundi wengi wanasahau: ni bomba na kisopapu kinachorudisha pumzi ya motere. Kikizibwa na uchafu, pumzi inasukuma mafuta mahali pasipofaa. Kukisafisha ni kazi ya nusu saa.

Sasa mafuta yenyewe. Juu ya bidoni munasoma kwa mufano 10W-40 ao 20W-50. Namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha ginsi mafuta yanavyotembea wakati wa baridi. Namba ya pili inaonyesha uzito wake motere ikiwa na moto, digri 100. Sisi hapa hatuna baridi ya Ulaya. Hata asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7, wakati tunapotetemeka kungoja bisi ya kazi, 20W inatembea bila shida. Imefanywa kwa baridi ya kushuka mpaka digri 15 chini ya sifuri. Basi motere ya zamani ambayo kitabu chake kinakubali 20W-50, na ambayo inachoma mafuta, munaweza kuitia 20W-50 bila woga. Mafuta yaliyo mazito kidogo yanakaa vizuri zaidi kati ya segmenti na silinda, na yanapanda polepole. Wengine watapunguza matumizi kwa namna hiyo. Si dawa ya kuponya, ni fimbo ya kutembelea. Chuma kilichokwisha hakirudi.

Lakini musiige jirani. Motokari za nyuma ya mwaka 2000 mara nyingi zimeundwa kwa 5W-30, na ndani yake muna njia nyembamba sana za mafuta na vyombo vinavyofanya kazi kwa nguvu ya mafuta hayo. Ukizitia 50 kwa gafula, mafuta yanachelewa kufika juu kila asubuhi, na mule juu chuma kinasugua chuma kikavu. Kwa motere kama hiyo mimi ninashauri kupanda ngazi moja tu: toka 30 kwenda 40, 5W-40 ao 10W-40, ikiwa kitabu kinaruhusu. Yako tena mafuta yanayoandikwa kwa motere zilizotembea kilometri nyingi. Yana dawa inayolainisha jointi zilizokauka. Kwa motokari inayovuja kidogo yanaweza kusaidia. Kwa segmenti zilizokwisha, ni feza ya kutupa. Na zile chupa ndogo zinazouzwa pembeni ya barabara na ahadi ya kuponya motere kwa siku moja, wachieni muuzaji.

Someni vilevile herufi za API. Ikianza na S ni ya esansi, ikianza na C ni ya mazuti. Herufi ya pili ikisonga mbele, mafuta ni ya kisasa zaidi. SA haina dawa yoyote ndani, haifai motere zilizoundwa nyuma ya mwaka 1930. SF haifai zile za nyuma ya mwaka 1988. Na bado mutu ananunua bidoni ya SF kwa motokari ya mwaka 2003, kwa sababu bei yake inapendeza! Kwa motokari hiyo ya esansi tafuteni SL, SM, SN ao SP. Ikikosa herufi kabisa, musinunue.

Hapa nataka kusema neno ambalo halitapendeza wote. Kazini, hakuna fundi anayeweza kutia mafuta yasiyo na jina katika kamyoni ya karieri. Tunaandika saa, tunafuata kipimo, tunabadilisha filtri siku yake. Saa ya kurudi nyumbani, mutu yule yule anatia katika motokari inayobeba watoto wake mafuta ya idroliki aliyoyapata sijui wapi (ile “sijui wapi” ni maneno ya ukurasa mwingine), ao mafuta ya vidanji yaliyopitishwa katika kitambaa. Kitambaa hakitoi asidi. Hakitoi unga mwembamba wa chuma. Na mafuta ya idroliki hayana dawa ya kuosha masizi ya motere. Kazi yake ni kusukuma jeki, si kuishi katika moto. Motere inayokula mafuta inatengeneza masizi mengi kuliko mupya, ndiyo sababu inahitaji mafuta mazuri kuliko mupya.

Pimeni. Motokari ikiwa mahali pa sawasawa, motere imezimwa dakika 5 ao 10, chomoeni kijiti, futeni, ingizeni tena, someni. Fanyeni hivyo kila juma, na kila mara mbele ya safari. Andikeni ni litri ngapi mumeongeza na kilometri ngapi mumetembea. Waundaji wengine wanakubali karibu litri 1 kwa kilometri 1,000, hata kama sisi tunaona ni nyingi. Ikipita hapo, anzeni kuweka feza ya motere. Fanyeni hesabu hii: motokari inayokula litri 1 kwa kilometri 500, inatoka Lubumbashi kwenda Kolwezi na kurudi, ni zaidi ya kilometri 600. Imemaliza litri 1 na zaidi. Katika motokari nyingi, kati ya alama ya juu na ya chini ya kijiti ni karibu litri 1 tu. Ni kusema ulitoka umejaza, na mbele ya kufika nyumbani uko chini ya alama. Motere ikikamata usiku katika barabara ile, na makamyoni makubwa yanakuja nyuma, hapo si maneno ya feza tena. Bebeni litri 2 za mafuta yale yale, pembe tatu ya kuonya, na taa. Lakini musijaze kupita alama ya juu. Mafuta yanapigwa povu, na motere inayachoma zaidi.

Wenye motokari ya mazuti yenye turbo wasikie hili. Turbo ikichoka sana, motere inaweza kunywa mafuta yake yenyewe na kukimbia hata mukitoa ufunguo. Ondoeni watu kwanza. Anayejua anaweza kuziba mulango wa hewa kwa kipande cha ubao kipana. Kwa mukono, hapana.

Narudi sasa kwenye kazi yangu. Moshi wa buluu unanuka, unawasha macho, na mutoto mwenye pumu anakohoa; angalau tunauona. Ndani ya moshi wa kila motokari kuna hewa nyingine isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Inashika damu kwa nguvu mara 200 hivi kupita oksijeni. Mutu anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia, halafu hasemi tena. Musipashe motere moto katika garaji iliyofungwa, wala karibu na dirisha la chumba cha watoto. Bomba la moshi lililotoboka chini ya viti ni hatari kwa familia yote inayokaa nyuma, zaidi sana wakati wa mvua na vioo vimefungwa. Watu wawili ao watatu wa motokari moja wakiumwa kichwa pamoja, musimeze aspirini na kuendelea. Simameni, tokeni wote nje kwenye hewa, na mufike hospitali.

Mafuta ya vidanji kwenye ngozi: siku moja si kitu, miaka ni kitu. Yanaziba matundu ya ngozi, yanaleta vipele vyeusi kwenye mikono na mapaja, na yakirudia muda murefu yanaweza kuleta kansere. Tangu mwaka 1775 Percivall Pott, muganga wa Uingereza, alionyesha ya kama wasafishaji wa mabomba ya moshi walipata kansere ya mufuko wa mapumbu kwa sababu ya masizi. Nyuma yao ilionekana kwa wafanyakazi wa mashini za uzi ambao nguo zao zililowa mafuta. Kitambaa cha mafuta katika mufuko wa salopeti kinakaa karibu na mahali pale pale. Kitoeni. Nawieni sabuni, si esansi. Na ninaomba tuache kabisa kupaka mafuta hayo kwenye vidonda, ao kwenye kichwa cha mutoto mwenye mba. Dawa ya mba iko.

Bidoni ndiyo inanitisha zaidi. Mwaka 1959, katika muji wa Meknes, inchi ya Maroko, wauzaji walichanganya mafuta ya zeituni na mafuta ya motere za ndege yaliyouzwa na kambi ya ndege ya Marekani. Karibu watu 10,000 walipooza. Walikuwa wamepika chakula tu. Mafuta ya motere yana ndani dawa za kemia za kukinga chuma, na bidoni haitoki safi hata ukiiosha kwa mchanga na maji moto. Mama, bidoni hiyo isiwekwe maji ya kunywa, wala mawese. Itobolewe.

Na esansi, petroli ya taa, mafuta, visiwekwe katika chupa ya limonade. Mutoto akinywa, musimutapishe. Musimupe maziwa wala mawese. Kitu kile kikiwa tumboni kinaweza kupita. Kikirudi juu na kuingia katika mapafu, ndipo kinaua, zaidi sana esansi na petroli. Akikohoa ao akipumua haraka, muleteni mbio, na chupa yenyewe pamoja, ili tujue alikunywa nini.

Mafuta yanayobaki nyuma ya vidanji yarudishwe katika bidoni ile ile, ifungwe, iandikwe “MAFUTA MACHAFU” kwa herufi kubwa, na ipelekwe kwenye garaji inayoyakusanya. Si katika mufereji, si karibu na kisima, si juu ya bustani ya mama.