Kabla ya kulaumu mkono, tazama meno

Juma hili naanza kwa kuomba samahani.

Mnajua kwamba kikundi chetu kiliamua kutengeneza michezo ya mbao kwa watoto wa maternele: herufi za kushika mkononi, wanyama, na picha za kukatwa vipande ili mtoto azipange mwenyewe. Tulifungua sanduku la kikundi, tukanunua misumeno miwili midogo ya upinde, tripleksi, na dazeni mbili za lame, yaani zile nyembe nyembamba zenye meno. Msumeno huu hauombi umeme. Hata taa zikikatika, mchana unakaa mlangoni na kazi inaendelea.

Siku ya kwanza tulivunja lame saba. Siku ya pili tano. Dazeni nzima ilikwisha kabla ya kupata herufi moja nzuri. Mama mmoja, mjane anayeuza unga, alivunja nne peke yake. Nikamwambia mbele ya wengine: “Mama, mkono wako ni mzito.” Aliponijibu kwamba msumeno ndio haukati, nikamrudishia methali: mchagua jembe si mkulima. Wote walicheka, naye akacheka. Lakini juma lililofuata hakuja. Alimtuma mtoto wake: “Mwambie Madamu, ile ni kazi ya wanaume. Sitaki kumaliza feza za wamama.”

Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikapeleka msumeno kwa seremala jirani yetu. Hakuuliza habari ya mkono wa mtu. Alifungua lame, akaiinua kwenye mwanga, akasema: “Madamu, hii ni ya kukatia chuma.”

Basi mjane yule alisema kweli, na mimi mwalimu nilikuwa nimekosa. Muuzaji alinipa lame, nami nikalipa bila kutazama. Haya ndiyo niliyojifunza, ili kikundi chenu kisipoteze feza kama sisi.

Kwanza, hesabuni meno. Wekeni lame juu ya rula ya mtoto wa shule, mhesabu meno yaliyo ndani ya sentimita 1. Zile zetu zilikuwa na zaidi ya 20, madogo kama vumbi. Meno ya namna hiyo hayana nafasi ya kubeba unga wa mbao. Nafasi zinajaa, lame inapata moto, haikati tena. Wewe unasukuma kwa nguvu, nayo inavunjika. Lame ya mbao ina meno machache yenye nafasi kati yao, na jicho linayaona.

Pili, kumbukeni meno matatu. Wakati wa kukata, angalau meno matatu yawe ndani ya unene wa ubao. Tripleksi yetu ina milimita 4. Lame yenye meno 8 kwa sentimita 1 inaweka kama matatu ndani yake: inafaa. Meno yakiwa machache kuliko hapo, yananasa na kupasua ukingo wa tripleksi.

Tatu, jueni namba. Lame huuzwa kwa namba, na namba ikipanda, lame inakuwa pana na nene zaidi. Kwa tripleksi ya milimita 3 au 4 tafuteni namba 1 hadi 3. Anayeanza achukue 3, maana 1 ni nyembamba na haisamehe haraka. Kwa ubao wa sentimita 1, namba 5. Ukikaribia sentimita 2, namba 7. Lakini viwanda havilingani, kwa hiyo namba isiwazuie kuhesabu meno. Kuna pia lame zilizosokotwa kama kamba, zinazokata pande zote. Mwanzoni msizinunue: zinapotea njia upesi na kuacha ukingo wa kukwaruza.

Nne, meno yatazame chini, upande wa mpini, kwa sababu msumeno huu unakata unapovuta kwenda chini. Kama jicho halioni vizuri, pitisha lame polepole juu ya kitambaa: upande inakonasa ndiko meno yanakotazama. Kisha uikaze. Bana upinde kidogo kwenye ukingo wa meza, funga skurubu, achilia. Gusa lame kwa kidole. Ikilia kwa sauti nyembamba kama uzi wa gitaa, iko tayari. Ikinyamaza, imelegea, na lame iliyolegea inapinda na kuvunjika.

Kuhusu kukata kwenyewe, sisi tulipigilia kwenye ukingo wa meza kibao chenye mpasuko wa herufi V, tripleksi inalala juu yake. Msumeno unapanda na kushuka mahali pamoja, umesimama wima. Kinachozunguka ni tripleksi, mkono wa pili ndio unaiongoza. Kwenye kona usisukume mbele: endelea kupandisha na kushusha huku ukigeuza ubao kidogo kidogo. Kwa tundu la ndani, kama katika herufi A, toboa kwanza, fungua lame upande mmoja, ipitishe, kisha uikaze tena. Fungeni kitambaa puani, maana unga wa tripleksi si mzuri kwa mapafu. Watoto wadogo wakae mbali na meza.

Nilinunua lame namba 3, nikaenda nyumbani kwa yule mama. Nilimwomba samahani mbele ya watoto wake, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinitazama kwa muda, kisha akavuta meza mlangoni. Lame moja tu ilitosha kwa herufi M nzima, na haikuvunjika. Mguu mmoja wa ile M umepinda kidogo. Binti yake wa miaka minne aliupitisha kidole toka juu hadi chini, akauliza: “Mama, ni wewe umekata?”

Dazeni iliyovunjika nimeirudisha kwenye sanduku kutoka mfuko wangu. Lame za chuma zilizobaki tumeziweka kando, zimeandikwa, mtu asije kukosea tena.

Nami darasani, tangu siku ile, mtoto akiandika vibaya ninatazama kwanza kalamu yake, kisha kiti chake, ndipo nitazame mkono.

Juma lijalo tutazungumza juu ya kupiga msasa, ili mchezo usimchome mtoto anayeuweka mdomoni. Kikundi chenye msumeno na lame zinazovunjika, leteni lame moja kwenye mkutano, na rula. Tutahesabu pamoja.