TAHARIRI: VIKOMBE 67 HAVIKUIBIWA



Mwezi uliopita kulikuwa na maneno mengi. Kamati ilikuwa imekadiria kwamba mfuko wa unga wa ngano wa kilo 50 utatoa vikombe 400 vya kukandia maandazi ya mgahawa wetu. Mama wa zamu ya kwanza alifikisha 400. Mama wa zamu ya pili alifika 333, mfuko ukawa mtupu. Basi ikasemwa eti unga umetokea mlango wa nyuma. Mhariri naye, kwa aibu yake, alikuwa miongoni mwa waliosema.

Juzi ndipo tulipofanya jambo ambalo tungelianza nalo. Tuliwaita mama wote wawili kwenye mizani ya duka, kila mmoja achote kwa mkono wake vikombe kumi, kikombe kilekile cha robo lita. Wa kwanza huchekecha unga, hutia kikombeni kwa kijiko, kisha hukata juu kwa kisu. Kumi vikawa kilo moja na robo. Wa pili hutumbukiza kikombe mfukoni na kushindilia kwa kiganja. Kumi vikawa kilo moja na nusu. Yaani gramu 125 kwa 150, kikombe kwa kikombe! Haya, gawa gramu 50,000 kwa 150 uone mwenyewe. Hakuna mwizi. Mama yule ametuhumiwa bure wiki tatu nzima, na kamati inapaswa kumwomba radhi mbele ya mkutano, si pembeni.

Hapo tena ndipo tulipojua kwa nini maandazi ya siku nyingine yanakuwa mawe. Vikombe vinane kwa huyu ni kilo moja. Kwa yule ni kilo moja na gramu 200, na maji ni yaleyale.

Unga una hewa ndani, ndiyo maana hudanganya kuliko vitu vingine. Sukari na mchele havishindiliki sana: kikombe hicho hicho ni kama gramu 200, umwage utakavyo. Chumvi laini hukaribia 300. Maji ni 250 kamili, kwa sababu lita moja ya maji ni kilo moja. Lakini wako wanaodhani kila lita ni kilo. Sivyo. Lita ya mafuta ya kula ni kama gramu 920 tu, na anayenunua kwa lita akauza kwa kilo atafunga hesabu akikuna kichwa.

Tunashangaza kidogo sisi. Mchuuzi akija na lumbesa, gunia limevimba kichwa kama kilemba, tunapiga kelele kwamba vitunguu vipimwe kwa kilo. Ni haki yetu. Kumbe jikoni kwetu wenyewe tunapimiana kwa kikombe cha kilima na kibaba cha macho!

Hatusemi mama wa nyumbani atupe kikombe chake. Ugali wa watoto hauhitaji mizani. Ila unga wa ushirika ni mali ya wote, na mali ya wote iandikwe daftarini kwa kilo na gramu. Mizani yenyewe nayo ijaribiwe: pima chombo kitupu, tia lita moja ya maji, pima tena. Tofauti isipokuwa kilo moja, msiiamini mpaka irekebishwe.

Jumamosi asubuhi mizani itakuwa nje ya duka. Kila mpishi aje na kikombe anachotumia, achote kama alivyozoea bila kujikaza kwa kuwa anatazamwa, mara tatu, na uzito wa kati uandikwe kwa rangi ubavuni mwa kikombe. Rangi ipo kwa mtunza ghala.

Mhariri