Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Ofisi ya Ruhusa za Masomo

YAH: KITI CHA UZAMILI KILICHOPOTEA

Saikolojia ya uraibu husomwa kwa kina katika ngazi ya uzamili. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, hutoa uzamili wa saikolojia tiba. Mtaalamu wa fani hii hujua kwa nini mtu aliyekwisha kuacha pombe hutokwa jasho akinusa gongo ikimiminwa kikombeni: ubongo umeizoea harufu ile kama dalili ya raha, na hamu huamka kabla ya akili kuamua. Hujua pia mbinu ya William Miller na Stephen Rollnick, ambayo kwayo mraibu husikilizwa hadi aseme kwa kinywa chake kwa nini anataka kuacha. Kumhubiria si sehemu ya tiba.

Tabora inaihitaji elimu hiyo, maana dawa peke yake haitoshi. Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 ni ya watumiaji wa heroini. Methadoni haimtibu mlevi wa gongo wala mvuta bangi. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku Machi 2017; pakiti zikatoka dukani, hamu ikabaki kwa mnywaji.

Mtumishi mmoja wa umma wa Gongoni, Tabora, ambaye ndiye mwandishi wa barua hii, alipata udahili wa uzamili huo wa saikolojia tiba. Ombi lake la ruhusa lilipokewa, likagongwa muhuri, likawekwa kwenye faili. Kila alipofuatilia aliambiwa linashughulikiwa. Kwa heshima zote, lilishughulikiwa kwa umakini mno: ruhusa ilitoka usajili ukiwa umefungwa. Ada ya maombi haikurudi, hilo dogo. Kiti kilipotea.

Kiti kilipopotea, mraibu aliyekuja kuomba msaada aliambiwa ajikaze. Kiti kilipopotea, mama aliyemleta mwanawe anayetetemeka kwa arosto alirudi naye nyumbani. Kiti kilipopotea, aliyeacha akarudia hakupata wa kumweleza kwamba kurudia hutokea na tiba huendelea.

Kila Juni 26 watumishi wa umma huvaa fulana za kupiga vita dawa za kulevya. Fulana haijamtibu mtu. Nchi inayotaka wataalamu haiwezi kuwafungia kabatini.

Kinachodaiwa ni kidogo: ombi lijibiwe kwa maandishi kabla usajili haujafungwa, na anayenyimwa aelezwe sababu. Mwandishi ataomba udahili tena. Ofisi inashauriwa ianze kulishughulikia faili leo.